Baraza la Sanaa Lajadili Pilipili

Wanaume wengine waliokwenda kusoma Urusi walirudi Bujumbura na friji. Wengine walirudi na pikipiki, na mmoja wa Ngozi alirudi na mke mweupe na piano. Ladislas Bizimana, baada ya miaka saba Leningrad kwa gharama ya mataifa mawili, alirudi na sanduku la makaratasi ya peremende. Si peremende, makaratasi. Peremende zenyewe alikuwa amekwisha kuzila.

Joséphine, mchumba wake, aliyemngoja miaka yote hiyo akikataa wanaume wawili wenye magari, alisimama uwanja wa ndege akalitazama sanduku likifunguliwa na mtu wa forodha. Ndani mlikuwa na makopo matupu ya maziwa mazito, ya buluu na nyeupe, yaliyooshwa yakang'aa. Mlikuwa na pakiti ya chai yenye picha ya tembo, bila chai. Mlikuwa na lebo za samaki wa kopo, nyeusi kwa dhahabu, na pakiti za maziwa za pembetatu zilizokunjwa, na vifuniko vya chupa za maziwa, vya rangi ya fedha na vya kijani, vilivyonyooshwa kwa kucha na kubanwa ndani ya kitabu. Mtu wa forodha alipekua mpaka chini akitafuta kitu cha kutoza ushuru. Alipokosa, alimtazama Joséphine kwa huruma akalipitisha bure.

Hiyo ndiyo ilikuwa shahada ya mumewe mtarajiwa: kubuni vifungashio vya vyakula na vinywaji. Kule kwa Wasovieti, alimweleza, kazi hiyo ilikuwa na maprofesa, na mtihani, na watu wazima walioipoteza afya yao kwayo. Burundi, kwa bahati mbaya, watu walinunua maharage kwa kopo la kupimia na maziwa kwenye kibuyu, na chupa za bia zilikuwa na lebo zake tayari. Ladislas akafundisha watoto wa sekondari kuchora vikapu. Vita vilipokuja, majirani walikimbia na magodoro. Wao walikimbia na binti yao Bonheur, sufuria moja, na sanduku. Nani alilibeba sanduku hilo kuvuka Tanzania, Malawi na Msumbiji, na nani alibeba mtoto pamoja na sufuria, hapana haja ya kuuliza.

Mwaka 1998 uliwakuta wote watatu Durban, South Beach, ghorofa ya tisa, katika chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Bahari ilionekana, ukisimama juu ya choo. Upande wa pili wa pazia aliishi Sébastien, Mkongomani wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye duka la simu na ambaye alisikia kila neno lao kwa muda wa miaka miwili bila hata siku moja kukohoa. Ladislas alilinda magari ya watu waliokuja kuogelea. Alivaa kizibao cha kung'aa, akapunga mkono, akasema "sharp, boss", na jioni akarudi kufuta vumbi makopo yake.

Joséphine ndiye aliyewalisha. Aliuza pilipili pale Warwick Junction, kati ya mama wa Kizulu mwenye dawa za mizizi na mwingine mwenye vichwa vya ng'ombe. Aliichoma kwanza, akaisaga na kitunguu saumu, akaipika kwa mafuta na limau mpaka jirani wa ghorofa ya kumi akapiga chafya. Madereva wa taxi walikuja na mikate mikononi wapakwe papo hapo. Mwanamume aliyeonja bila kuonywa alikaa chini. Hiyo ilikuwa fani yake, wala hakuisomea Leningrad.

Lakini hakuna aliyemjua kwa jina. Sokoni aliitwa Mama Congo, ingawa Congo yenyewe alikuwa ameiona kwa mbali tu, ng'ambo ya ziwa. Kanisani aliitwa Mama Bonheur. Na kwenye karatasi yake ya ukimbizi, lo! Karani aliposikia kwamba mume ni Bizimana na mke ni Ntirampeba, alifikiri amewakamata watu wawili wanaojifanya wameoana. Kwa Warundi kila mtu hupewa jina lake siku zake za mwanzo duniani; baba ana lake, mama ana lake, mtoto ana lake, na ndoa haimwibii mtu. Karani hakuwa na nafasi ya kusikiliza mambo ya Warundi. Akamwandika Bizimana, akapiga muhuri. Ntirampeba, jina alilopewa na baba yake, lenye maana kwamba Mungu hajanitupa, likatupwa na karani kwa kalamu ya wino wa buluu.

Basi siku moja alipita mama mmoja wa Kizungu aitwaye Clementina, mwenye duka huko juu Berea. Duka lake liliuza kahawa, vikapu, na vitu vya zamani ambavyo bibi yake Joséphine angevitupa bila kufikiri mara mbili. Clementina alionja pilipili kwenye ncha ya kijiti, akalia, akacheka, akalia tena, akasema anataka chupa arobaini. Ila ziwe na lebo. Lebo yenye haiba, alisema, isiwe kama zile za supamaketi.

Joséphine alipanda ghorofa tisa kwa miguu, maana lifti ilikuwa imekufa kabla hawajafika nchini, na alipofika juu alikuwa amekwisha kuamua.

"Baba Bonheur, unichoree lebo," alisema. "Niko na sharti moja tu. Jina yangu iwemo. Si Mama Bonheur, si Mama Congo, si hiyo Bizimana yako. Joséphine Ntirampeba, yote mbili. Mtu akila pilipili yangu ikamuunguza, ajue ni nani amemuunguza."

Ladislas aliketi kitandani. Tangu ashuke kwenye ndege hakuna mtu, hata mmoja, aliyewahi kumwomba lebo. Macho yakamlengalenga machozi, na Joséphine akaogopa kidogo, kwa kuwa alijua kitakachofuata ni mhadhara.

Mhadhara ulichukua siku nne. Ladislas alimpeleka supamaketi, si kununua, kusoma. Alisimama mbele ya rafu akinyoosha kidole kwa hasira hata mlinzi akaanza kuwafuata.

"Angalia hii! Nyani anacheka juu ya sanduku ya mahindi. Nyani na mahindi, mbona ni mwizi tu! Na hii biskuti, imeandikwa mpya. Mpya tangu lini? Kule kwetu," alisema, na kwa Ladislas kule kwetu mara nyingine ilikuwa Burundi na mara nyingine Leningrad, "kopo ya maziwa iliandikwa maziwa. Kopo ya samaki, samaki. Hakuna kujisifu. Chupa ya maziwa haikuwa hata na lebo: kifuniko ya fedha, maziwa, kifuniko ya kijani, maziwa ya kuganda. Hata kipofu wa herufi alijua. Chema chajiuza, Joséphine."

"Na kibaya?"

"Kibaya hakikuwa dukani."

"Na hicho chema?"

Ladislas akafikiri. "Nacho mara nyingi hakikuwa dukani," alikiri. "Lakini lebo yake, bon, lebo yake ilikuwa nzuri sana."

Alikata kipande cha lino, lile zulia gumu la mpira, kutoka sakafuni chini ya kitanda, mahali ambapo mwenye nyumba asingeinama kuona, akakichonga kwa kiwembe. Jumatano alipiga chapa ya kwanza kwenye karatasi ya kaki, akisugua kwa mgongo wa kijiko. Joséphine alikuwa akimenya vitunguu saumu. Aliitiwa akaja, mikono ikinuka.

Pilipili moja nyekundu ililala mshazari. Nyuma yake miale ya jua ilitanuka mpaka pembeni, minene na myembamba. Na chini, kwa herufi nyeusi zilizosimama wima kama askari wa gwaride, palisomeka JOSÉPHINE NTIRAMPEBA.

Alitazama jina lake kwa muda mrefu, akalipitia herufi kwa herufi, halafu akasema, "Si mbaya," kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akarudi kwenye vitunguu saumu. Alimenya kilo nzima bila kujua kwamba anaimba.

Hapo ndipo mume mwenye akili angenyamaza na kuanza kupiga chapa. Lakini Ladislas hakusomea kunyamaza.

"Sasa inabaki baraza," alisema.

"Baraza gani?"

"Baraza ya sanaa."

Akaeleza, kwa mshangao wa mtu anayelazimika kueleza kwamba nyumba huwa na paa. Kule, hakuna lebo iliyochapwa bila kupita baraza la sanaa. Mbunifu alibandika mchoro ukutani, wajumbe wakakaa, wakasema. Yeye mwenyewe alishuhudia watu tisa wenye shahada wakikaa saa tatu juu ya sikio la dubu kwenye karatasi ya peremende, na mwisho wake sikio lilishushwa milimita mbili, na walikuwa wamesema kweli. Kuchapa lebo bila baraza ni sawa na kubatiza mtoto mwenyewe bafuni.

"Mimi nimeipenda," alisema Joséphine. "Hiyo njo baraza, imetosha."

"Wewe ndiye mtengenezaji. Mtengenezaji si mjumbe."

Jumapili baada ya misa baraza likakutana. Wajumbe walikuwa Sébastien, ambaye alihitaji tu kusogeza pazia. Gracieuse wa Lubumbashi, aliyekuwa na saluni karibu na barabara ya Point na aliyekuja na jarida la mitindo ya nywele. Na Goreth, Mrundi mwenzao, kiongozi wa akina mama kanisani. Ladislas alikuwa mwenyekiti. Alivaa tai. Joséphine, kwa mujibu wa utaratibu, alichemsha chai.

Mchoro ulibandikwa ukutani kwa dawa ya meno. Wajumbe walikaa kitandani wakautazama wakiwa wameinamisha vichwa upande, kwa kuwa Ladislas aliwaambia ndivyo inavyofanywa.

"Papa Bonheur, iko mzuri," alianza Sébastien. "Mais bantu banapenda mingi. Utie na numéro ya téléphone. Ya kwetu pale kazini, banaweza kupiga."

"Mi naona iko nakosa mwanamuke," alisema Gracieuse, akifungua jarida. "Pilipili bila mwanamuke, nani ataangalia? Tia huyu hapa, mwenye nywele ya mesh ya murefu, anacheka."

"Na Yesu?" Goreth akauliza taratibu. "Hata msalaba kadogo tu. Bila Mungu, biashara haiendi."

"Ukitia musalaba, Bahindi ya Victoria Street habatanunua," akasema Sébastien.

"Basi tia carte ya Afrique," akasema Gracieuse.

"Na drapeau juu yake," akasema Sébastien.

"Drapeau ya nani?" akauliza Goreth.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka huo, vita vya Congo, ambamo askari wa Burundi nao walitajwa, vilikuwa na majuma machache tu, na bendera ya nani halikuwa swali la kuuliza juu ya kitanda kimoja chenye Wakongomani na Warundi. Gracieuse alifunga jarida lake. Sébastien alikohoa, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameona mabaraza magumu kuliko hilo, alipendekeza kwamba namba ya simu iondoke, ramani iondoke, bendera iondoke, msalaba uondoke, na kwa usawa, mwanamke naye aondoke. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa kila mmoja alifurahi kuona cha mwenzake kikiondoka.

"Bon," alisema Gracieuse, aliyetaka kuwe na kitu chake japo kimoja kilichopita. "Na hii jina? Eish! Iko murefu kama treni ya Lubumbashi."

Joséphine alisimama na birika mkononi.

"Ni kweli," akasema Sébastien. "Muzungu hatawezana kuitamka. Ataona haya, ataomba mayonnaise."

"Mimi niko naogopa kitu ingine," akasema Goreth, sauti ikishuka. "Samahani sana, dada Joséphine. Iyo jina inasema tumetoka wapi, mpaka kwa colline, kilima ya kwetu. Hata hapa Durban kuna watu, jina tu inawatosha kukuumiza."

Ladislas aliitikia kwa kichwa, kwa uzito wa profesa. Hakumtazama mkewe, alitazama ukuta. "Na katika shule yetu," alisema, "mtengenezaji hatajwi. Kitu chenyewe ndicho kinatajwa. Jina ya mtu juu ya chakula, ni kujisifu. Anayeunga mkono jina iondoke?"

Mikono minne ilinyanyuka. Joséphine aliuhesabu ule wa nne mara mbili, maana hakuamini.

Wahenga wanasema penye wazee hapaharibiki neno. Penye wajumbe wa baraza la sanaa lilibaki neno moja: PILIPILI. Na chini yake pakabaki nafasi tupu, na nafasi tupu ilikuwa kitu kimoja ambacho walimu wa Ladislas walikuwa hawasamehe. Akaijaza kwa Kirusi. Aliandika pilipili tena, kwa herufi zao zile zilizogeuka nyuma, na baraza likapitisha bila swali, kwa sababu lugha isiyojulikana na mtu haimuudhi mtu. Kisha akaweka namba ya viwango. Kule kila chakula kilikuwa na namba ya viwango vya serikali, na tarakimu mbili za mwisho zilikuwa mwaka. Chakula kisicho na namba, kwa Ladislas, kilikuwa uvumi. Kwa kuwa hakuna serikali iliyokuwa imeweka viwango vya pilipili ya mkewe, alitunga namba mwenyewe, akaimalizia na 62.

"Ni mwaka wako wa kuzaliwa," alimwambia, kama mtu anayetoa zawadi. "Umo."

Joséphine alimimina chai ya Gracieuse, ya Sébastien, na ya Goreth. Ya mwenyekiti aliirudisha kwenye birika.

Iliuma. Tusilizungushe, iliuma. Karani alikuwa mgeni, na foleni nyuma yake, na njaa ya saa sita mchana. Huyu alimngoja miaka saba. Huyu ndiye mtu pekee katika jiji zima la Durban aliyelijua jina lake lote na angeweza kulitamka, na alinyanyua mkono. Kama angelia, wajumbe wangesema ni pilipili. Hakulia. Chupa arobaini zilikuwa zimekwisha kujazwa, siku zimekwisha, na lino ilichongwa upya usiku huohuo. Na jambo lililomkera kupita yote ni kwamba lebo ilikuwa nzuri kweli. Alitafuta kasoro akiwa anabandika, chupa ya kwanza mpaka ya arobaini, hakuiona.

Majuma mawili hayakupita, Clementina akapiga simu kwa akina Sébastien. Zimekwisha zote. Alete nyingine arobaini.

Ladislas hakukaa tena na watu wa kawaida. Alilinda magari akiwa na tai ndani ya kizibao. Alisema "sharp, boss" kwa sauti ya mtu anayetoa idhini. Usiku alimwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba mchoro wake wa mwisho pale chuoni, wa kopo la njegere, ulipitishwa na baraza kwa kura zote, kisha ukawekwa kabatini ukingoja kiwanda, na mpaka nchi yenyewe inakufa ulikuwa bado kabatini. Katika maisha yake hajawahi kuona lebo yake kwenye rafu ya duka. Alitaka kwenda Berea akaione. Joséphine hakuwa amemsamehe, lakini chupa arobaini ni nzito na mikono ni mikono.

Jumamosi asubuhi wakapanda taxi, kila mmoja na kasha mapajani. Waliposhuka kwenye robot ya juu, yaani taa za barabarani, Ladislas alisimama kufunga tai vizuri.

Kwenye rafu ya vyakula hapakuwa na pilipili. Palikuwa na asali, na jamu, na chumvi ya waridi iliyouzwa kama dawa. Ladislas alipita mara mbili akisoma kila chupa. Joséphine ndiye aliyeziona, dirishani, kati ya kamera za zamani, vikombe vya bati na kofia ya jeshi: chupa sita zimepangwa juu ya kitambaa chekundu, miale ya jua ikitazama barabarani. Zilikuwa zimeoshwa. Ndani ya moja mlikuwa na penseli, ndani ya nyingine ua kavu, na zilizobaki hazikuwa na kitu.

"Oh, mmekuja!" Clementina alitoka nyuma ya mashine ya kahawa, kwa furaha ya kweli, hilo tusimnyime. Kiingereza chake kilikwenda mbio na Joséphine alikipata kwa vipande. Watu wamezipenda mno. Pilipili yenyewe, samahani, haikuliwa; mteja wa kwanza alirudi na midomo imevimba, akaomba abaki na chupa tu. Basi akamwaga ile iliyobaki, akaziosha, zikanunuliwa kwa siku tatu. Sita hizi amejiwekea za maonyesho. "Kwa hiyo safari ijayo, mpenzi wangu, usijisumbue kujaza. Lete tupu tu."

Usijisumbue. Joséphine alifikiria vidole vyake vilivyoungua, na jirani wa ghorofa ya kumi, na kilo za vitunguu saumu, vyote vikishuka kwenye bomba la maji machafu la Berea. Alifungua kinywa. Alikuwa na mengi, na kwa mara ya kwanza hata Kiingereza chake kilikuwa tayari.

Lakini Ladislas alikuwa ameinama mbele ya kikadi kidogo kilichosimamishwa kando ya chupa. Alikisoma polepole, halafu akamtafsiria, neno kwa neno, bila kugeuka.

"Lebo halisi. Umoja wa Kisovieti, 1962. Mchoraji hajulikani."

"Nimechora mimi," Ladislas alimwambia Clementina, kwa Kiingereza chake cha maegesho. "Mwezi uliopita. South Beach."

Clementina alimgusa mkono kwa upole. Alijua, alisema, kwamba Ladislas alikuwa amekaa huko, Joséphine alimwambia habari za sanduku, na alishukuru sana kwamba alizihifadhi lebo hizi miaka yote. Lakini kuchora? Siku hizi hakuna anayechora namna hii. Rafiki yake mmoja, aliyefika Moscow mara mbili, amezitazama kwa kioo akathibitisha. Na mwaka si umeandikwa palepale?

"Nina lino yake chini ya kitanda."

Clementina alimtazama, akatazama tai, akatazama kizibao kilichochungulia kwenye mfuko wake, na pengine kwa nukta moja aliamini. Akashusha sauti. Hata kama ni kweli, alisema, afadhali asimwambie mtu. Asiyejulikana anauzika vizuri zaidi.

Hii ndiyo saa ambayo Joséphine alikuwa ameingoja tangu ile Jumapili. Hakuitafuta, imemjia yenyewe, imeoshwa na kupangwa dirishani. Akasogea sikioni mwa mumewe.

"Si ulisema mtengenezaji hatajwi?" alinong'ona. "Basi pongezi, Baba Bonheur. Baraza imepitisha."

Aliona neno likiingia. Ladislas hakujitetea, hakutaja walimu wake. Alibaki ameinama vilevile mbele ya kile kikadi, na shingo yake, ndani ya kola ile aliyoipiga pasi kwa ajili ya rafu, ilionekana nyembamba sana. Joséphine alisubiri utamu. Haukuja.

"Inauma," alisema Ladislas.

"Ndiyo," alisema Joséphine. "Inauma."

Ladislas akasimama. Alichukua kalamu ya wino mzito iliyokuwa karibu na mashine ya pesa. Joséphine alijua atafanya nini, atakata lile neno hajulikani na kuandika Bizimana kwa herufi kubwa, mwanamume gani asingefanya hivyo, na alikuwa amekwisha kumsamehe kabla hajaanza. Lakini alikipita kile kikadi. Aliinama kwenye kasha walilokuja nalo, akatoa chupa iliyojaa, akaiweka mezani. Chini hapakuwa na nafasi. Palijaa Kirusi na namba. Basi akaandika katikati, juu ya miale ya jua, juu ya pilipili yenyewe, herufi moja baada ya nyingine, wima na nyeusi, akiharibu kwa mkono wake mwenyewe kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya: JOSÉPHINE NTIRAMPEBA.

"Unafanya nini?" Clementina alipaza sauti. "Unaiharibu! Siwezi kuichukua hivyo. Sitachukua hata moja iliyoandikwa hivyo, mnanielewa?"

"Tunaelewa, madame," alisema Ladislas, akipuliza wino ukauke.

Joséphine alilisoma jina lake. Lilikwenda kutoka ukingo mmoja wa lebo mpaka mwingine, likageuka na chupa.

"Na lako?" aliuliza.

"Nafasi imekwisha."

Alikuwa na la kumjibu. Tangu uwanja wa ndege wa Bujumbura hakuwahi kukosa la kumjibu mtu huyu. Badala yake akatoa chupa ya pili kwenye kasha, akaiweka mbele yake, akaishika kwa mikono miwili ili isitikisike.